Nilimchagulia Bastola, Nikamwachia Lawama

Nimekosa. Nalisema mwanzoni kabisa ili usinionee huruma katikati ya habari halafu ukajilaumu. Jina langu silitaji, na majina nitakayotumia humu si ya kweli. Kosa ndilo la kweli.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu, mlinzi wa mlangoni kwenye jengo moja la ofisi pale Marshalltown, Johannesburg. Silaha yangu ni tochi na daftari la kusaini wageni. Lakini mwaka ule wa 2016, mtaani kwetu Troyeville, kila mtu aliniita Komanda!

Jina hilo nililipataje? Kwa kunyamaza. Ukitoka mashariki ya Kongo, watu wa hapa wanadhani ulizaliwa umeshika bunduki. Siku moja mtu aliniuliza kama niliwahi kuwa jeshini, nikatabasamu tu na kutazama mbali. Basi! Wakajijazia wenyewe. Baadaye nikawasaidia kujazia: msitu fulani, mapigano fulani, risasi iliyonipita sikioni.

Uongo mtupu! Kule nyumbani nilikuwa nikiwafulia askari magwanda yao kambini. Bunduki niliigusa mara moja tu maishani, nilipoiondoa kwenye kiti ili nikae. Aliyeujua ukweli ni mke wangu, Mama Neema, na alinisitiri kwa kukaa kimya.

Mama Neema alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa nusu ya duka, maana mwenye nyumba alilikata duka moja katikati kwa ubao mwembamba ili apangishe mara mbili. Nusu ya pili alikuwamo fundi cherehani, mzee Mrundi nitakayemwita Papa Gaspard. Mtu mpole, mikono myembamba, ameishi nchi hii hadi akapata karatasi za ukaaji wa kudumu. Wezi walikuwa wamemvamia mara mbili, mchana kweupe, na mara ya pili walimchoma kwa pasi yake mwenyewe.

Baada ya hapo akasema anataka bastola, ya halali, yenye leseni. Akaenda kwenye mafunzo, akafanya mtihani, akafaulu. Kilichobaki ni kuchagua. Akaja kwa nani? Kwa Komanda!

Nilikuwa nimekaa saluni baada ya zamu. "Komanda, wenye duka la bunduki wananishauri nichukue bastola ya thelathini na nane," aliniambia. "Wanasema haitikisi mkono sana. Tena niweke risasi zile zinazofumuka ndani ya mwili, zisitokee upande wa pili. Weye unaonaje?"

Sikuwa na maoni, kwa sababu sikujua lolote! Lakini wateja watatu walikuwa wananitazama, vichwa vimesukwa nusu nusu. Nikakunja sura ya kijeshi nikamuuliza kuna zipi nyingine.

"Kuna milimita tisa. Kuna na mia tatu hamsini na saba, lakini ile..."

Sasa ona akili ya mtu mzima mwenye mke na mtoto. Nililinganisha namba! Tisa, thelathini na nane, mia tatu hamsini na saba. Mtoto wa darasa la kwanza angechagua kama mimi.

"Papa, thelathini na nane ni ya kuulia mende!" nilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mwizi ukimupiga na ile atakuomba maji ya kunywa, kisha aendelee kuiba. Na risasi yenye haitoke ni risasi ya woga. Kamata mia tatu hamsini na saba, na risasi ngumu. Ile inapita mutu, inapita na ndugu yake mwenye kusimama nyuma!"

Akainua mkono wake, akauonyesha. "Komanda, mkono wangu si unauona?"

"Basi ununue firimbi."

Wanawake walicheka hadi mmoja akavutwa nywele bila kukusudia. Papa Gaspard naye alicheka, kwa kuwa angefanya nini? Nilimwona masikio yakimwiva kwa aibu, na nikafurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi! Mtu aliyekuwa ananizidi umri, kazi na heshima, nimemfanya kichekesho kwa kitu nisichokijua.

Mama Neema hakucheka. Jioni, tukila, aliniuliza, "Papa Neema, weye unajua nini ya bunduki? Wende kesho umwambie ule muzee ulikuwa unacheka naye tu."

Nikamwambia sawa, nitamwambia.

Sikumwambia. Leseni ya bastola ile ilichukua miezi, na kila siku ya miezi hiyo nilipita mlangoni kwake, naye akanisalimu, "Komanda, bado tunangoja!" Nami nikampigia saluti! Saluti, mimi mfua nguo!

Leseni ilipotoka akaichukua ile ile niliyomchagulia. Wezi walikuja Jumanne mchana, vijana wawili, na kisu kimoja. Hawakuwa hata na bunduki. Mimi nilikuwa kazini. Papa Gaspard alifyatua mara moja tu. Bastola ikamrusha mkono juu na pembeni, risasi haikumgusa mwizi yeyote. Ilipenya ule ubao, ikamkuta Mama Neema amesimama nyuma ya mteja anasuka, ikamvunja kiwiko cha mkono wa kulia. Wale vijana walikimbia bila kuchukua hata uzi.

Nilipofika hospitali nilimkuta Papa Gaspard ukumbini, shati limelowa damu. Ndiye aliyemfunga mke wangu mkono kwa kitambaa cha suti ya mteja, ndiye aliyemleta. Aliponiona akainuka.

"Nisamehe, Komanda. Mkono ulinishinda. Nisamehe, ndugu yangu."

Hapo ndipo ningesema! Ukumbi ulikuwa na watu wawili tu, mimi na yeye. Lakini unajua nilimjibu nini?

"Silaha ilikuwa muzuri, Papa. Mukono yako ndiyo mubaya."

Akainamisha kichwa, akakubali.

Polisi wakamhoji mbele yangu. Wakamuuliza ni nani aliyemshauri mzee kama yeye kubeba bastola kali vile. Papa Gaspard akasema, "Hakuna mtu. Nilichagua mwenyewe." Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa ananilinda, kwa kuwa alijua karatasi zangu ni za ukimbizi.

Yule polisi akatuchorea kwenye karatasi. Risasi za thelathini na nane na za mia tatu hamsini na saba, alisema, unene wake ni ule ule! Kinachozidi ni baruti iliyo nyuma ya risasi, nayo ndiyo inayompiga teke mpigaji. Na hiyo milimita tisa niliyoiona ndogo kuliko zote, ndiyo aliyokuwa ameivaa yeye kiunoni. Akasema hakuna risasi ya kuaminiwa mbele ya ubao kama ule, lakini mtu akiimudu bastola yake angalau inaenda anakoielekeza. Papa Gaspard alisikiliza yote, kisha akasema tena kwamba mkono wake ndio mbaya. Maneno yangu, neno kwa neno!

Vidole vya Mama Neema havikukunjika tena. Kitana hawezi kukishika. Papa Gaspard alinyang'anywa leseni, akauza cherehani yake nzuri ili tupate matibabu, na kila Jumamosi akaja na sufuria ya maharage, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaomba msamaha upya. Nilimchukia kwa kuja kwake. Nilitamani hata akosee njia, afie mbali!

Kisha kanisani, mchungaji akatuita mbele. Papa Gaspard akapiga magoti, mzee mwenye mvi, mbele ya kanisa zima, akanishika miguu akilia. Ndugu yangu, nikaweka mkono juu ya kichwa chake nikasema, "Nimekusamehe, Papa."

Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja akasema nina moyo mkubwa.

Tulipofika nyumbani Mama Neema hakupandisha sauti. Alivua kiatu kimoja kwa mkono wa kushoto, akakaa nacho mapajani.

"Mukono yangu nakusamehea," alisema. "Ule muzee kupiga magoti mbele yako, ile hapana."

Aliondoka mwezi uleule na mtoto, akaenda kwa dada yake Durban. Simu yangu haipokei. Neema akipokea, ananijibu kwa Kiingereza, kifupi.

Na Papa Gaspard? Anaamini hata ndoa yangu ameivunja yeye! Ananiletea chakula bado. Anasema mwanamume aliyeachwa hali vizuri. Bado ananiita Komanda.

Wewe unayesoma, ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui. Usitazame nani anakutazama, usitafute kicheko cha mtu. Na kama umeshakosea, sema siku ileile, ukumbini, watu wakiwa wawili. Ukingoja, mtu mwingine atalibeba kosa lako, atalizoea, na utamzoea akiwa amelibeba.

Mimi nimeweza kukuambia wewe nisiyekujua. Kesho ni Jumamosi. Atagonga mlango, atauliza Komanda ameamkaje, na nimejifunza tangu asubuhi maneno ya kumwambia. Hata Jumamosi iliyopita nilijifunza. Nilimfungulia mlango, nikapokea sufuria, nikamwambia asante.