Blanketi la Rehema

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasa la tatu, katika shule moja ya Kariakoo, nikiwa na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, na kiburi cha kuwatosha walimu wawili. Nikauliza blanketi lina kazi gani. Wakajibu kwa pamoja kwamba linatoa joto. Msichana wa dawati la mbele, Rehema, akanyoosha mkono akasema yapo mablanketi ya aina mbili, ya joto na ya baridi.

Nilicheka. Darasa zima likanifuata. Kwa majuma matatu Rehema hakunyoosha mkono tena, hata nilipouliza mambo aliyoyajua.

Mwalimu mkuu, mama mpole wa sauti na mkali wa macho, alikuwa amekaa nyuma siku ile. Aliniita ofisini, nikajitetea kwamba jibu lilikuwa kosa.

"Kosa, sawa," akasema. "Ulimuuliza ameliona wapi?"

Sikuwa nimemuuliza, na swali lile halikunipa raha. Jumamosi moja nikamkuta mama yake Rehema sokoni, anauza juisi ya ukwaju. Barafu yake, chini ya meza, ilikuwa imefungwa kwa blanketi kuukuu. Nikamuuliza kwa nini.

"Isiyeyuke, mwalimu. Hili la hapa, lingine tunajifunika nyumbani."

Niliona aibu palepale. Mtoto alikuwa ameona vizuri kuliko mimi. Alichokosa ni maelezo tu, na kumpa maelezo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Jumatatu nikaenda na vipande viwili vya barafu, kimoja nikakiacha wazi kwenye sahani, kingine nikakifunga kwa blanketi langu mwenyewe. Wanafunzi wakashikilia kwamba cha kwenye blanketi kitawahi kuyeyuka. Mwisho wa kipindi nikakifungua: kigumu bado, na mwenzake amebaki maji. Nikawaeleza kwamba blanketi ni kihami, kitu kinachozuia joto lisipite, liwe linaingia au linatoka. Kisha nikasema mbele ya wote kwamba Rehema aliona kweli, nami nilikosea kumcheka. Nikamwomba radhi.

Mkono wake ukanyanyuka, usawa wa sikio tu.

"Mwalimu, kwa hiyo lile joto la kitandani ni langu?"

"Ni lako," nikamjibu.

Baadaye nilihamishiwa Jangwani, kisha Upanga, chini ya wakuu wa kila namna. Watoto walikuwa walewale, na majibu yaleyale: kizito huwahi kuanguka, chuma kina baridi yake, mwezi unatufuata tukitembea. Nilizoea kumuuliza kila mmoja ameona wapi, na mara nyingi alikuwa ameona kitu.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huja kuniamkia na kuniuliza namna ya kusahihisha watoto. Nawasimulia habari za Rehema, wanafurahi. Siwaambii kwamba zipo siku nilichoka, nikawaambia watoto "kosa, kaa chini," nikaendelea na somo. Hao ndio ninaowawaza, wale ambao sikuwahi kupita mbele ya meza za mama zao nikaona walichokiona wao.