Wimbo Nilioumeza

Nakumbuka alasiri moja mtaani kwetu Tibirinzi, mwanangu, nilipotoka nyumbani mbiombio na wimbo wangu kifuani, nikiona njia haishi mpaka nimfikie Bi Mize. Nilikuwa msichana wa kuposwa, vita vya pili vya Wazungu havijaanza, na sauti yangu, usicheke, ilikuwa ikisikika mpaka barabarani. Siku hizi imebaki ya kukukemea wewe tu.

Bi Mize alikuwa mkuu wa chama chetu cha lelemama, ngoma yetu ya wanawake. Hatukuimba wimbo harusini kabla yeye hajausikia. Na harusi iliyokuwa ikingojwa ni ya Salha, shoga yangu tangu chuoni tulikosoma Kurani, aliyekuwa akiolewa na Hamadi. Hamadi huyo nilimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti. Kwetu walikuwa wakingoja posa yake. Akaupita mlango wetu, akaipeleka kwa kina Salha. Niliumia, mwanangu. Na nikamchukia shoga yangu kuliko nilivyomchukia yeye, jambo ambalo hata leo silielewi.

Basi nikatunga wimbo. Jina sikulitaja. Nilitaja kanga ya bibi harusi iliyosahauliwa kambini kwa wachumaji wa karafuu, na mwanamume aliyeiokota. Yote uongo, na nilijua. Lakini wimbo wa namna hiyo ukiimbwa mbele ya wakwe, bibi harusi aweza kurudishwa kwao hata fungate halijesha.

Bi Mize alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaondoa kitambaa juu ya santuri yake, akaitia ufunguo, akaweka sahani moja ya nyimbo iliyokwaruzika. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meli, na sahani hiyo aliinunua huko Utaliani. Mwanamke akaanza kuimba kwa lugha nisiyoijua, sauti ikipanda, ikipanda, mpaka nikajishika kifua.

"Analilia nini, Bi Mize?"

"Ni nchezo wa kuimba, wenyewe waita opera. Huyu alinyang'anywa mpenziwe. Kwa wivu akenda kunsingizia mwenziwe aliyenchukulia, kwa kaka wa huyo mwenziwe, na kaka akashika kisu, akanuua dadaake. Hapo ndo ajuta."

"Maskini!" nikasema, na machozi yalikuwa yakinitoka kweli.

"Maskini nani? Hata huyo aliyeuawa hajafa." Akainua sindano. "Mume wangu aliuona nchezo wenyewe. Kanambia pazia likashuka, watu wakapiga makofi. Lilipopanda tena, yule maiti kasimama, kashikana nkono na yule aliyensingizia, wacheka. Wakenda zao kula. Sasa weye, ukishanwimbia Salha maneno haya, n'nani atakayemwinua?"

Nililia palepale, na maringo yangu yote yakaisha. Bi Mize akanipa maji, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. Hakumwambia mtu, wala hakunikumbusha tena mpaka tulipomzika, Mungu amrehemu.

Harusini niliimba, ndiyo, lakini wimbo wa kumpongeza bibi harusi. Salha akanitazama kutoka chini ya ushungi wake, akatabasamu, hana habari.

Baadaye nikaolewa na baba yako, mtu mpole kuliko Hamadi, ingawa kwa sura tusiseme. Ulipozaliwa wewe homa ikaniangusha, maziwa yakakauka. Ukalia mpaka sauti ikakukauka nawe. Aliyeingia mlangoni bila kuitwa, akakupakata na kukunyonyesha pamoja na wake, ni Salha. Ndiyo maana wanawe ni ndugu zako, na kila Idi unamkimbilia yeye kabla yangu. Nikikuona hivyo, namshukuru Mungu na namshukuru Bi Mize.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukiapa kumkomesha aliyekuchukulia mchumba. Lia, mwanangu, hata majirani wasikie. Kuona wivu si aibu, mimi nimeuona. Ila usiseme neno la kumharibia mwenzio jina, maana hapa kwetu hakuna pazia la kupandishwa tena. Na likikujaa kifuani, kalimwage kwanza kwa mtu mzima anayekupenda.

Mungu akupe mume wa kheri. Akupe shoga kama Salha, na akuwekee Bi Mize wako wa kukushika mkono kabla hujafika harusini. Amin. Sasa vaa buibui, twende tukamwamkie mama yako Salha. Ukiubusu mkono wake, ubusu na kwa niaba yangu. Mimi mpaka leo sijaweza kumwambia habari ya wimbo ule.