Msusi Anayeuliza "Niko Wapi?"

Yanayofuata ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata ya kuonjea. Asiyeamini akamuulize msusi mwenyewe, na aende na kichwa chake.

Saa tatu asubuhi, katika chumba chenye mlango mmoja karibu na geti la chuo, msusi ambaye wanafunzi wanamwita Mama Mstari anagawa nywele za mteja kwa ncha ya kitana. Mteja, msichana wa mwaka wa pili, ameinamia simu. Kichwa kinashuka, mstari unapinda.

"Mwanangu, nikusuke kichwa au nikusuke kidevu?"

"Samahani, Mama. Naangalia kidogo tu."

"Kidogo chako kina urefu wa saa nzima. Lete."

Simu inaingia kwenye beseni la vitana, chini ya taulo. Inatetemeka humo kama kuku aliyefunikwa tenga. Msichana anafumba macho, na msusi anauliza swali lake: "Niko wapi?"

"Juu ya sikio la kushoto."

"Sasa?"

"Unashuka… kisogoni. Hapo umebana!"

"Umepumua?"

"Bado."

Wanacheka wote wawili, ndipo anapumua.

Dawa yake ya ulevi wa simu ni hiyo tu. Mwanafunzi hufuata vidole kichwani. Akili ikitoroka kwenda kwenye beseni, haichapwi viboko. Huitwa tu, kama mtoto anayecheza uani. Wapo waliokuja na vidole gumba vilivyoota misuli kama mikono ya mpagazi. Baada ya muda wa saa nne huondoka wamezisahau simu zao, na msusi huwakimbiza nazo barabarani.

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Kichwa kimoja humpatia bei ya mikate sita, na akibahatika husuka viwili kwa siku. Vidole vya mkono wa kulia sasa havikunjiki vizuri asubuhi. Kwa vidole hivyo anamsomesha bintiye wa pekee, aliye chuo cha mbali, safari ya basi ya siku nzima.

"Niko wapi?" ulikuwa mchezo wa binti huyo, alipokuwa na miaka mitano na hatulii kusukwa. Chuoni simu ikamteka, akafeli masomo mawili. Mama akamkumbusha mchezo wao. Binti akashika kweli kweli: simu akaifungia sandukuni, akawa anaitoa Jumapili tu, kumpigia mama.

Jumapili tatu zimepita, simu haijatoka sandukuni. Mwenzake wa chumbani amesema yu mzima, anasoma, na majaribio yote amefaulu.

"Dawa imemkolea kuliko nilivyopima," anasema msusi, akichambua nywele bandia. "Nikimwambia apige, nimemrudisha shimoni kwa mkono wangu. Nisipomwambia, ndiyo hivi. Nikishika kichwa cha mtoto wa mwenzangu, vidole vinamtafuta yeye. Ana kovu dogo hapa, nyuma ya sikio. Silikuti."

Jumamosi mlango ukagongwa. Binti akaingia na begi, akaketi mkekani, akafumba macho. Mama akamgusa utosi. "Niko wapi?" "Nyumbani, mama," akajibu binti, na chuo kizima kikalia.

Hapo msusi, aliyekuwa akisomewa habari hii na mzee aliyeiandika, kabla haijaenda gazetini, akaweka kitana chini.

"Mzee, huyu aliyeingia na begi ni nani?"

"Ni… mwisho mzuri tu, mama."

"Mwanangu hajaja. Umemleta kwa kalamu, nami nikageuka kutazama mlango. Utanilipa."

Mzee akapapasa mfuko. Msusi akatikisa kichwa, hakutaka hela. Alitaka maneno ya mwisho ya habari hii yawe yake, kwa kuwa maktaba ya chuo cha bintiye huweka gazeti la karatasi mezani, na binti hulisoma kila mchana. Ni haya, kama alivyoyatamka, bila nyongeza ya mtu:

"Mwanangu, simu usiifungue. Mtihani ukiisha, panda basi. Siku hiyo sipokei kichwa cha mtu mwingine."