Kitambaa cha Wifi

Wifi yangu hakumpigia Nyundo kura, na alimwambia kila mtu. Alimwambia mama mkwe wake huku anamenya vitunguu, akamwambia mumewe chumbani (kuta zetu ni nyembamba, tulisikia), akawaambia hata wateja waliokuja kupunguza suruali. "Mtu anayegombanisha majirani apate kura," alisema, "siku akishindwa ataondoka na kura zake, ugomvi atatuachia sisi." Mimi nilimcheka. Mawifi ndiyo kazi yetu, kuchekana. Nilimwambia ashone aachane na siasa, mdomo wake haukupigwa pindo.

Yeye ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka lake. Nguo za wateja hutundikwa kwenye kamba. Za watu wa nyumbani hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na za msumarini hungoja. Mfinyanzi hulia gaeni. Kaka yangu alikaa miezi minne na suruali isiyo na kifungo huku mkewe akishonea maharusi. Nguo ambayo haijakwisha huchomwa pini yenye kichwa cha bluu kwenye kola. Pini ikitoka, nguo imekwisha, chukua uende. Hata mama, ambaye hajawahi kushika sindano, sheria hiyo aliijua.

Mimi nilirudi hapo nyumbani baada ya kuachika. Nilipewa kazi ya vifungo na pasi, na wifi hakuwahi hata siku moja kuniuliza nitakaa mpaka lini.

Kaka yangu huchomelea mageti, au tuseme alikuwa akichomelea. Nyundo, mwenyekiti wa chama chao, alikuwa kila kitu kwake. Picha yake aliibandika karakana, juu ya kisanduku cha miwani yake myeusi, na alikuwa mlinzi wa chama, wale wenye mashati ya rangi ya udongo na mifuko miwili kifuani. Nyundo aliposhindwa uchaguzi, kaka alilia kama aliyefiwa. Sikumcheka siku hiyo.

Kushindwa kwenyewe kusingetuumiza. Tuliumizwa na yaliyofuata. Nyundo alikataa kuachia kiti cha chama, na chama kikapasuka katikati. Waliotaka aondoke waliitwa Mafagio. Waliotaka abaki walisema bila yeye hakuna chama, kuna kibao tu mlangoni. Katika wiki mbili, kibanda cha muuza magazeti aliyekuwa Fagio kilichomwa moto, na kijana mmoja wa Nyundo akavunjwa taya kwa tofali. Mtaani kwetu watu hawakusalimiana tena kabla ya kusikiliza mtu ni wa upande gani. Ikapangwa Jumamosi tawi letu lichague wajumbe wa kwenda mkutano mkuu, huko ndiko ingeamuliwa Nyundo abaki au aende.

Tabu ikawa sare. Pande zote mbili zilivaa shati lile lile. Basi kiongozi wa walinzi, tuliyemwita Kamanda, akaleta mashati ya watu wa Nyundo, kila moja lishonwe utepe mwekundu mkono wa kushoto. Asiye na utepe ni Fagio.

"Wifi, na wewe unawashonea hawa?" nilimuuliza.

"Nguo haina chama," alisema. "Aliyeivaa ndiye ana shida."

Kitambaa chekundu kilimwishia likiwa limebaki shati moja, na hilo, kama kawaida, lilikuwa la mumewe. Wifi akavua kilemba chake chekundu chenye vitone vyeupe. Mama ndiye aliyempa, siku alipoletwa nyumbani kwetu kama bibi harusi, na tangu hapo hakukivaa ila siku anayotaka kupendeza. Akakitia mkasi.

"Nyundo wake simpendi," alisema, "lakini mwenye shati nampenda."

Akakunja utepe ule wa vitone, akauchoma kwenye kola pamoja na ile pini ya bluu, akatundika shati msumarini. Akaenda dukani kununua uzi.

Hapo ndipo Kamanda alipoingia. Shati lake mwenyewe nilikuwa nimelibadilisha mkono jana yake, ule wa zamani ulichanika, na nilisahau kuhamisha utepe. Nilikuwa nimeshautupa na takataka. Akauliza, "Mrembo, mimi ndiye Fagio?" na akatabasamu.

Niseme ukweli wangu wote. Ilikuwa miaka miwili hakuna mwanamume aliyeniita mrembo. Nilikwenda mlangoni, nikachomoa pini ya kaka, nikachukua utepe wake, nikaubana kwenye mkono wa Kamanda kwa pini ile ile na kuushona hapo hapo akiwa amelivaa, kwa mishono mikubwa ya haraka.

"Huu ulikuwa wa kaka," nilimwambia, "lakini nitamkatia mwingine."

"Kaka yako tunamjua sote," Kamanda alijibu. "Hahitaji utepe."

Alipoondoka nikaenda uani kutia pasi moto. Nilisema nikirudi nitakata kipande kingine cha kilemba. Kaka akapita huko nyuma yangu akikimbia, kelele za mkutano zimeshaanza, akalitazama shati lake msumarini, akaona halina pini. Akalivuta, akalivaa huku anatembea.

Wifi alirudi na uzi mkononi. Akatazama msumari, akaitazama meza, akanitazama.

"Utepe uko wapi?"

Nilimwambia. Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia akatoka mbio, na mimi nikamfuata bila viatu.

Ukumbi wa tawi uko nyuma ya duka la saruji. Tulipofika, madirisha yalikuwa yameshavunjika na watu wanarushiana viti. Mtu alitoka ameshika sikio lake, damu inamchuruzika kwenye kiwiko, akatupita kama hatuoni. Ndani niliona mguu wa meza ukishuka kwenye mgongo wa mtu, ukapanda, ukashuka tena, na kila ukishuka nilisikia sauti ya gunia lililodondoshwa. Hakuna aliyekuwa akizungumzia wajumbe.

Kaka yangu alikuwa karibu na jukwaa, amepiga magoti. Chini yake alilala fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee wa Mafagio aliyemshonea kaka viatu vya shule. Kaka alikuwa amemfunika kwa mwili wake na kupaza sauti, "Huyu mwacheni! Jamani, huyu ni mzee, mwacheni!"

"Hana utepe!" mtu akapiga kelele. "Msaliti!"

Wakamwangukia. Wanne, watano. Walimpiga kwa mabomba na mikanda yenye bizimu, walimpiga mateke ya mbavu, na kaka aliinua uso kutaka kusema yeye ni nani. Ukashuka mkono wenye bomba, na juu ya kiwiko cha mkono ule niliona vitone vyeupe. Bomba likampata kwenye jicho la kushoto. Nilisikia. Mpaka leo nikivunja yai kwenye ukingo wa bakuli hugeuza uso.

Wifi alipita katikati yao. Mwanamke mfupi, mwenye miguu inayouma kwa kukanyaga cherehani miaka kumi na mitano. Alimdunga mmoja mkasi pajani, akamchana mwingine mgongo wa kiganja, akasimama juu ya mumewe mkasi umelowa, akasema, "Mwingine aje." Hakuna aliyekuja. Kamanda alikuwa ameshageukia upande wa pili, na wifi hakumwona mkono.

Jicho lilitolewa hospitali. La kulia lilibaki na ukungu. Daktari alisema huenda litasafika, huenda lisisafike. Mtu aliyeyalinda macho yake kwa kioo cheusi maisha yake yote.

Siku ya tatu kaka akazungumza. "Niliona kitambaa cha mke wangu," alisema. "Kilemba chake. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona."

Mama aliruka kitini. Kwake ushahidi ulikuwa umekamilika. Mke anayemchukia Nyundo, ambaye ameshona tepe za watu wote akamnyima mumewe, na mgonjwa mwenyewe kamwona katika kipigo! "Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema, na kwa fundi cherehani neno hilo liliingia mpaka kwenye mfupa. "Alimpeleka mwanangu akauawe."

Nilifungua mdomo. Wifi akanikanyaga mguu chini ya kitanda.

"Nilisahau," alisema. "Ni kosa langu."

Nje nilimshika mkono. Nilimuuliza kwa nini.

"Wewe mama akikufukuza utaenda wapi?" alisema. "Mimi nina cherehani."

Nikanyamaza. Hilo ndilo ninalojichukia nalo. Wiki tatu nilinyamaza huku mama anamtemea maneno, huku ndugu wanaitwa kuja kukaa kikao cha kumrudisha kwao, huku wifi anamlisha kaka uji kwa kijiko na kaka anageuza uso ukutani. Kamanda alikuja hospitali na machungwa. Alisema vijana walikosea, sare zinafanana, hakuna utepe, bahati mbaya. Kaka akampa mkono akamshukuru. "Si kosa lao," alituambia baadaye. "Ningekuwa na utepe wasingenigusa." Bado alikuwa mtu wa Nyundo, na kosa lote alimtupia mkewe.

Kisha wakubwa wakapatana. Nyundo akapewa cheo cha mlezi wa chama, kiongozi wa Mafagio akapewa uenyekiti, wakapigwa picha wameshikana mikono na meno nje. Chama ni kimoja tena, walisema, na mustakabali wake ni mzuri. Fundi viatu alikuwa bado anakojoa damu.

Siku ya kikao cha ndugu, asubuhi, Kamanda alileta gunia la mashati. Tepe zote zifumuliwe, hakuna tena upande. Mashati angeyapitia jioni. Wifi alikuwa chumbani anafunga sanduku lake, kwa hiyo nilikaa mimi na wembe. Ukifumua utepe, chini yake rangi ya shati huwa mbichi kama siku liliposhonwa. Nilifumua kumi na tano. La kumi na sita lilikuwa na vitone vyeupe na mishono mikubwa ya haraka. Lilifuliwa, lakini pindo la utepe lilikuwa limeshika damu ndani, kahawia, mahali sabuni haifiki.

Niliingia sebuleni na utepe mkononi. Ndugu walikuwa wamekaa, kaka, aliyekwisha kuruhusiwa hospitali, katikati yao, sanduku la wifi liko mlangoni. Nikauweka utepe kwenye mapaja ya mama.

"Unakijua kitambaa hiki?"

"Si ndicho kilemba nilichompa huyu?"

"Wifi alikikata amshonee kaka. Mimi nikampa Kamanda. Pini nilichomoa mimi, wifi hakuwepo. Kaka, hukumwona mkeo. Uliuona utepe wako kwenye mkono wa mtu."

Nilieleza yote, hata lile la kuitwa mrembo. Mama aliugeuza utepe, akaugeuza tena, akaanza kulia bila sauti. Nilingoja anifukuze. Kaka ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kamanda alijua kuwa sina?"

"Nilimwambia mwenyewe. Akasema tunamjua sote, hahitaji."

Kaka akanyoosha mkono hewani, akawa anapapasa, mpaka wifi akaja akaushika.

"Mke wangu," alisema. "Lile sanduku. Lirudishe ndani, tafadhali."

"Lina uzito," wifi alisema. "Alibebe dada yako. Ndiye mwenye kazi ya kuhamisha vitu vya watu."

Nililibeba, nalia na kucheka.

Jioni Kamanda alipokuja, mashati yote yalikuwa yamekunjwa mezani. Kaka aliomba awekewe kiti mlangoni. Alikuwa ameufunga kichwani ule utepe wa vitone, umeungwa na kipande cha kilemba kilichobaki, umefunika tundu la jicho, na mkewe ndiye aliyefunga fundo.

"Aa, ndugu yangu!" Kamanda alisema, kisha akakiona kitambaa, na mkono aliokuwa ameunyoosha ukabaki katikati.

"Chukua mashati ya chama," kaka alimwambia. "Utepe wangu nimeshauchukua."