Funguo Zilizokataliwa

Ufunguo wa kwanza ulipokataliwa sikujali. Wa pili nikasonya. Wa tatu ulipogoma, nilitamani kuibeba ile kompyuta mpaka Likoni nikaitose kivukoni.

Ilikuwa zahanati ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, huku Kisauni. Daktari mwenye zahanati, mzee wa Mombasa asiyependa kuharakishwa, aliniita kwa sababu kompyuta yake kuu ilikuwa imeanza kukwaruza. Diski ilikuwa inakufa. Mle ndimo zilimokaa kumbukumbu za kila mtoto: damu aliyowahi kuongezwa, dawa iliyomdhuru, maumivu humshika wapi. Hapakuwa na nakala nyingine. Diski ikifa kabla sijazitoa, kila mama angelazimika kusimulia upya tangu mwanzo, na mengine hakuna mama anayeweza kuyakumbuka.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Programu ya kumbukumbu iliishi ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Nilitaka kuinakili yote hadi kwenye klaudi, zile kompyuta za kukodi zilizo mbali. Klaudi haipokei mzigo wa mtu isiyemjua, kwa hiyo huna budi kuipa vitambulisho: jina la ufunguo, na ufunguo wenyewe wa siri, mkururo wa herufi na tarakimu unaoonyeshwa mara moja tu. Ukiupoteza, shauri yako. Nikaunda, nikanakili, nikabandika. Vitambulisho si sahihi.

Nikaunda vingine. Nikakagua kama kuna nafasi iliyojipenyeza mwishoni. Nikaongeza ruhusa, nikaondoa ruhusa, nikavuka mipaka nikaipa akaunti ile ruhusa zote duniani. Vitambulisho si sahihi. Nikawaandikia wahudumu wa klaudi, akanijibu mtu, au roboti, sijui, kwamba ananielewa na anasikitika pamoja nami, kisha akauliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Kompyuta yenye diski mahututi, niizime! Nilimjibu kwa maneno ambayo nisingeyarudia mbele ya mama yangu.

Nyuma yangu kazi iliendelea. Mama anaingia na mtoto, daktari anamsikiliza taratibu, anainama juu ya bega langu kubonyeza, na printa inatoa kikaratasi chenye jina la dawa na saa ya kumpa mtoto. Kila alipoinama niliondoa mikono kwenye kibodi na kukunja uso. Diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu siku zote hutoka ikiwa hasira.

Mwishowe nikafungua rekodi za makosa, nikasoma mstari mmoja mmoja. Karibu na kosa la mwisho paliandikwa saa tisa na dakika kumi, asubuhi. Asubuhi? Tisa ya asubuhi ya kompyuta ni saa tatu yetu, na saa tatu mimi nilikuwa sijafika Kisauni; hapo ilikuwa saa tisa alasiri. Nikaitazama saa ya kompyuta pembeni mwa kioo. Ilisema tisa. Siku nzima nilikuwa nimeiona ikisema saba, ikisema nane, na kweli ilikuwa saa saba, ilikuwa saa nane. Mzaliwa wa Likoni angeshuku nini? Kumbe kuna mtu aliyeirudisha nyuma saa sita ili iseme kama tusemavyo, na klaudi ikiletewa ombi lenye saa ya uongo humwona mleta ombi ni mwizi.

Nikaiweka sawa. Ufunguo ukakubaliwa papo hapo, nakala ikaanza kupanda. Badala ya kufurahi nikazidi kupandwa na mori. Nyuma yangu printa ikatoa kikaratasi, mama mmoja akatoka na mwanawe, ndipo nikauliza.

"Daktari, nani aliyeigeuza saa hii?"

"Ni mimi. Mbona?"

"Wallahi daktari, siku nzima nakataliwa kwa ajili ya hiyo saa!"

Hakukasirika. Aliketi. "Kulikuwa na bibi mmoja wa Mjambere," akasema. "Nilimpa kikaratasi cha dawa ya mjukuu wake. Kilisema nane, nane ya kompyuta, yaani saa mbili ya usiku. Akasomewa na jirani, akangoja saa nane ya usiku. Alfajiri alinijia naye mikononi, homa ishampanda. Hatukumuwahi, mwanangu. Ndipo nikaigeuza."

Nilitaka kumwambia kwamba mashine ingeweza kufundishwa kuchapa saa zetu bila kudanganywa, na kwamba angeuliza tu. Hasira yote ya siku ile ilikosa pa kukaa.

"Umeirudisha saa ngapi?" akauliza, macho yake kwenye printa.

"Sasa hivi. Kabla huyu mama aliyetoka hajachapiwa kikaratasi chake."

Nilitoka mbio, nikafika barabarani nikiwa peku. "Mama!" nikaita. "Mama wee!" Wakageuka wanawake kila upande, wengi wao na watoto mgongoni. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mwanawe muda wote ule, na mimi sikuwa nimegeuka kumwangalia. Ikabidi niwaendee mmoja mmoja, nikiomba kuona kikaratasi.