Ngitili ya Samuye na Shahada Yetu

Nakumbuka asubuhi moja kijijini kwetu Samuye, mvua zimekwisha, ukungu umelala juu ya nyasi, na kengele za ng'ombe zinasikika huku wenyewe hawaonekani. Nikifumba macho bado nazisikia, mwanangu, wala sijui kama ni kumbukumbu au ndoto niliyoizoea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mhadhiri kijana, maneno mengi, subira kidogo. Chuo chetu kilikuwa kinaandaa shahada ya uzamili ya usimamizi wa maliasili pamoja na chuo kimoja cha Ulaya, ili wanafunzi wa nchi mbalimbali wasome pamoja. Sisi tulitakiwa kutoa mahali pa mafunzo kwa vitendo, na profesa wao alikuwa amekuja kukagua. Asiporidhika, shahada ingepelekwa nchi nyingine. Niliitaka shahada ile kuliko kitu chochote.

Nikampeleka kwetu kwenye ngitili, yale malisho ambayo sisi Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi kikikaza. Uzio hakuna, kuna neno la wazee tu. Muhula wa vitendo ulipangwa mwezi wa tano, ngitili ikiwa bado imefungwa. Sikujali. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao, na damu nzito kuliko maji, ndivyo nilivyojidanganya.

Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba wanafunzi wangeingia kupima nyasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza fimbo yake kwenye zizi.

"Ng'wanone," akaniita kwa Kisukuma, mwanangu, "ng'ombe wale wananusa nyasi hizi kila siku, nami nawazuia. Jirani naye anawazuia wake. Nikikupitisha wewe kwa kuwa ni binti yangu, kesho nitamzuia nani?"

Niliona aibu mbele ya mgeni, na hasira pia. Profesa akauliza mzee kasemaje. Ningeweza kulainisha, lakini nilijua baba ana haki; nilimtafsiria yote, nikaongeza langu: kalenda yetu ndiyo ihame. Tungefundishaje watu kulinda mali huku tukiivunjia mlango?

Profesa alijibu kwamba hana mamlaka ya kuihamisha peke yake, akaondoka na ombi langu. Miezi ikapita kimya. Wenzangu chuoni walinilaumu, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, nami nililia mara nyingi kuliko nilivyokiri. Mwishowe wale wa Ulaya wakakubali kuihamisha kalenda, na shahada ikaanza mwaka mmoja baadaye kuliko tulivyopanga.

Wanafunzi wa kwanza walifika kiangazi, siku ya kufungua. Walisimama mpakani na madaftari yao, vumbi la dhahabu likielea hewani, wakitaka kuingia. Baba akawaambia wangoje kidogo, waliovumilia zaidi watangulie. Ng'ombe wakapita taratibu, vichwa chini, na vijana wa mataifa wakafuata nyuma yao.

Mwanangu, ukijenga jambo kubwa, usiombe sheria ya watu ikupishe kwa sababu wewe ni wa kwao. Kwenu ndiko uitii zaidi. Subira yavuta heri, ingawa inauma.

Mungu akupe kazi pana kuliko ndoto zako, na karibu yako akuwekee mtu anayekupenda kiasi cha kukukatalia.