Mtindi wa Kupeleka Ukweni

Jamani, nimejiaibisha mbele ya mtumbwi mzima. Jumamosi nilikuwa nakwenda Ikombe kujitambulisha ukweni. Nilinunua mifuko ya plastiki yenye zipu, mmoja nikautia mchele, mwingine mtindi, nikaipanga kwenye begi nililolipakata.

Njia nzima niliwahubiria abiria wenzangu: "Chakula kikavu kivyake, cha majimaji kivyake! Tuache ushamba!"

Mara nikahisi ubaridi mapajani. Kando yangu alikaa mama mmoja aliyepakata chungu kilichofunikwa kwa kanga. Nikajua hicho ndicho kinachovuja.

"Mama, chungu chako kinanilowesha suruali ya ukweni," nikamfokea. "Si ungetia kwenye mfuko kama wangu?"

Mama akafunua kanga, akakigeuza chungu mdomo chini. Halikudondoka hata tone.

"Nakirudisha kutoka sokoni Lyulilo, baba, hakikupata mnunuzi," akasema kwa upole. "Ni kitupu. Haya, na wewe fungua begi lako tuone."

Nikafungua. Mchele ulikuwa mkavu kabisa. Mfuko wa mtindi sikuwa nimeufunga zipu, na uliobaki ndani usingejaza hata kijiko cha baba mkwe.